Ubao wa Taa Tano

4 Februari

Mjomba,

Shikamoo. Kabla sijasema lolote, mwambie mama nimekula, nimelala na soksi nimevaa. Najua hayo ndiyo atakayouliza hata kabla hujamaliza kuchana bahasha. Chumba changu kiko juu ya dobi. Kutwa nzima mvuke unapanda sakafuni, basi miguu inatokota na kichwa kinaganda. Kazini bado niko kwenye miezi ya majaribio. Mkuu wetu anapita nyuma ya viti na kikombe chake cha chai, nasi wote tunakaa wima.

Mama anaendeleaje? Jirani yenu, fundi cherehani, aliniambia kwenye simu kwamba sasa hautoi kabisa ule mpira wa oksijeni puani, hata akienda msalani. Wewe hukuniandikia hilo.

Haya, jambo lenyewe. Kwenye kifurushi hiki kuna mashine yenye ukubwa wa tofali, ina kioo na feni. Kazi yake ni kula umeme. Unaifunga kwenye betri, unaipangia ile kiasi gani na iache wakati gani, nayo inakula huku ikihesabu muda. Betri ikichoka, inakuandikia imedumu saa ngapi. Kampuni inataka kununua sitini, iwape mafundi wanaozunguka kwenye zahanati kukagua betri. Kuipima nimepewa mimi, na ripoti yangu ndiyo itakayoamua kama nabaki hapa au narudi nyumbani na begi langu.

Nimeipima maabara, kwenye meza safi, chumba kina ubaridi. Nataka ipimwe na mtu ambaye meza yake ina vumbi. Simjui fundi wa betri kukuzidi. Ninayo ya pili hapa, hiyo kaa nayo.

Mpwa wako


27 Februari

Bi Kwanini,

Marahaba. Soksi zako tumezipokea, na mama yako anauliza ni za rangi gani. Ukiandika tena taja rangi, maana nimeshambuliwa tangu asubuhi kana kwamba mimi ndiye muuza soksi.

Utauliza kwa nini sikupigii simu. Nikupigie kwa sikio lipi? La kulia liliondoka na jenereta la kiwandani, hili la kushoto limebaki kwa ajili ya kugombezwa na dada. Wewe andika. Karatasi haipigi kelele.

Dada hajambo. Anakula vijiko vitatu na kugombana vijiko kumi. Habari ya mpira ni kweli, hautoki puani. Sikukuandikia kwa sababu ungefanya nini na habari hiyo huko uliko, zaidi ya kukosa usingizi? Mashine yake ya oksijeni inanguruma mchana kutwa, tumeizoea. Chini ya kitanda upo mtungi wa akiba. Ule mkono wake wa kufungulia ulivunjika, kwa hiyo naufungua kwa spana. Spana haitoki mfukoni mwangu. Dada anasema nikifa nizikwe nayo, nikafungue mlango huko niendako.

Kinachoniumiza kichwa ni wenye umeme. Wametangaza kwamba kuanzia Mei watakuwa wanakata mchana, wanabadilisha nguzo. Betri ninayo, ya lori, na inveta ninayo. Ninachotaka kujua ni betri itambeba dada saa ngapi. Kwa hiyo mashine yako imekuja kwa wakati wake. Sitakupimia kwa betri za watu zilizolala. Nitakupimia kwa hiyo hiyo ya mama yako, ili ripoti yako iwe na uzito.

Ubao wangu unaukumbuka? Taa tano za mbele za gari, nilizipigilia mwaka uliozaliwa. Zinakula sawasawa na mashine ya dada. Ulikuwa unachuchumaa mbele yake na kuuliza kwa nini taa zinakuwa nyekundu kabla ya kuzima. Hakuna mteja ambaye hukumuuliza swali hilo. Nitaweka ubao upande huu na mgeni wako upande huu, tuone.

Mjomba wako


20 Machi

Bi Kwanini,

Dada anakusalimu. Amepungua, lakini ni kwa sababu ya joto. Mwanamke wa cherehani amemshonea kanzu mpya, ile ya zamani imekuwa hema.

Nimemaliza. Mashine yako nimeipangia ile sawa na ubao wangu, nikaipa betri ya mama yako mara tatu, kila mara nimeijaza hadi ikashiba. Imeandika saa nne na dakika kumi, mara ya pili saa nne na dakika tano, ya tatu kumi tena. Vizuri sana, mtoto ana msimamo.

Ubao nao nimeuweka mara mbili. Saa mbili na nusu, zote mbili.

Sasa mmoja kati yao ni mwongo. Betri ni ileile, fundi ni yuleyule, na sikunywa kitu. Nikakaa kuiangalia. Ikifika kama nusu saa inachemka, huwezi kuweka kiganja juu yake, feni inalia kama mbu aliyeudhiwa. Kioo kinasema inakula kilekile nilichoipangia. Lakini nimeshika nyaya. Mwanzoni zina joto, kama inavyotakiwa. Baadaye zinapoa. Mwanangu, waya uliobeba umeme uleule unapoaje? Mimi sina kifaa cha kupima kinachopita ndani ya waya mkubwa hivyo. Ninacho kidole.

Hilo ndilo swali langu kwako, na leo mimi ndiye Bi Kwanini. Nijibu kabla ya Mei, maana nikishajua betri ni ya saa mbili au ya saa nne ndipo nitajua ninaweza kutoka nyumbani kwa muda gani umeme ukikatwa. Dawa zake zinatolewa mjini, foleni yake unaijua.

Mjomba


24 Aprili

Mjomba mpendwa,

Shikamoo. Nisamehe kwa kuchelewa, kazi zilitubana mno. Habari njema kwanza: nimethibitishwa. Mkuu alinipa mkono mbele ya wote. Mwambie mama, na mwambie soksi ni za kijivu.

Nimefurahi kusikia kuhusu kanzu. Asiache kula kwa sababu ya joto, apewe uji mwepesi.

Asante sana kwa vipimo. Vimefanana kuliko vyote nilivyopokea na vimenisaidia. Kuhusu ubao wako, mjomba, usikasirike, lakini taa ni taa. Zina umri wangu, soketi zake zina kutu, na kila moja inakula inavyojisikia. Siwezi kuweka taa kwenye ripoti. Namba za kuandika ni za mashine.

Naomba unitunzie mama. Nitajitahidi kuja mwisho wa mwaka.

Mpwa wako


8 Mei

Mpwa wangu,

Hongera! Dada alipiga makofi hadi pumzi ikamwishia, ikabidi tumtulize kwanza. Anasema niandike hivi, neno kwa neno: "Mwambie mimi nilijua tangu akiwa na miaka minne. Na kijivu ni rangi ya paka wa jikoni, atafute nyekundu."

Umejibu kila kitu isipokuwa waya. Nikasoma barua mara mbili, nikageuza nyuma, labda umeandika huko. Hukuandika. Basi nikajiambia, wewe mzee, darasa la saba lenyewe ulilimaliza kwa kusukumwa. Huyu mtoto amekaa vyuoni miaka, anapewa mkono na wakubwa, nawe unamletea habari za kidole. Asiyekubali kushindwa si mshindani. Ubao nimeutundika nyuma ya mlango. Nimeandika kwenye betri kwa rangi nyeupe, herufi kubwa: SAA 4. Zile dakika kumi nimeziacha ziwe sadaka.

Wameanza kukata. Jumatatu iliyopita walikata kwa saa moja tu, betri ikafanya kazi bila hata kukohoa.

Mjomba


29 Juni

Mjomba,

Pole. Pole sana. Sijui nikusalimieje.

Fundi cherehani alinipigia, akalia tu, halafu akampa simu mtu mwingine akasema amepumzika. Najua mlimzika kesho yake, na safari ya huku ni siku tatu. Kazini ilikuwa vigumu kupata ruhusa. Nimekaa na kanzu yangu nyeusi juu ya kitanda, sijaivaa wala sijaikunja.

Kila ninayemuuliza ilikuwaje ananiambia siku zake zilifika. Wewe ndiye uliyekuwa unaishi naye. Niandikie.

Mwanao


25 Julai

Mjomba,

Shikamoo. Barua yangu ya Juni uliipata? Nimesikia umefunga karakana. Sikuombi habari ndefu. Niandikie hata mistari miwili.

Mwanao


11 Agosti

Mpwa wangu,

Barua zako zote mbili nimezipata. Sikujibu kwa sababu kila nikishika kalamu naandika tarehe, halafu nakaa.

Salamu hazina maana leo. Nyumba ni kimya. Mashine ya oksijeni wamekuja kuichukua, imepewa mgonjwa mwingine, na sasa nasikia vitu ambavyo sikuwa nikivisikia, hata kwa sikio hili bovu.

Umeuliza ilikuwaje. Ilikuwa Alhamisi. Walikata umeme saa nne kamili asubuhi, inveta ikapokea, dada hata hakugeuza kichwa. Dawa zake zilikuwa zimebaki za siku moja. Nikapiga hesabu: betri ni ya saa nne, itanifikisha saa nane mchana. Mimi nikienda mjini na kusimama foleni, saa saba niko nyumbani, nina saa nzima mkononi. Nikamwomba fundi cherehani aje akae naye. Akaja na kitambaa chake cha kushona. Nikamwonyesha betri, nikamwambia unaona imeandikwa nini hapa? Akasema saa nne. Nikamwambia basi, usiwe na wasiwasi hata chembe. Dada akaniambia nisisahau kuchukua risiti, mwezi uliopita walinipa ya mtu mwingine. Hilo ndilo neno lake la mwisho kwangu, risiti.

Betri ilizima saa sita na dakika thelathini na moja. Inveta ina kisaa, kilisimama hapo. Mashine ilipiga kelele zake. Yule mama wa watu alidhani ni kelele za kawaida, akamnywesha maji. Halafu akaona midomo. Akachomoa hiki na kuchomeka kile, akafungua madirisha, akakimbia barabarani kuita. Mimi nilifika saa saba kasoro dakika tano, na dawa, na risiti yake yenyewe.

Kutoka saa nne hadi saa sita na dakika thelathini na moja, hesabu mwenyewe. Wewe ni mtu wa namba.

Sikuandikii haya kukulaumu. Niliyepaka rangi kwenye betri ni mimi. Lakini swali langu la Machi bado liko mezani. Waya unapoaje?

Mjomba


5 Septemba

Mjomba,

Nimeisoma barua yako nikiwa nimesimama kwenye ngazi za dobi, na sikupanda juu hadi wakafunga.

Jibu la waya ninalo. Nilikuwa nalo tangu tarehe mbili Aprili, siku barua yako ya Machi ilipofika. Nilisoma sentensi ile nikaiacha chai yangu mezani, nikaenda maabara. Niliiwasha mashine yangu, nikaweka kipimo kizuri katikati ya waya, nikaipangia ile kama ulivyoipangia wewe. Zamani nilikuwa naipima kwa dakika ishirini, ishirini, kwa sababu ndivyo karatasi ya vipimo inavyosema. Safari hii nikaiacha. Dakika ya thelathini na tano ilianza kujipunguzia. Ikishachemka inakula karibu nusu tu, ili isiungue. Hilo si kosa, mashine nyingi hufanya hivyo. Kosa ni kwamba kioo chake hakisemi. Kinaendelea kuonyesha kiasi ulichoiamuru ile, siyo kile inachokula. Ubao wako ulisema kweli, na kidole chako kilisema kweli.

Nilimpelekea mkuu. Alisikiliza hadi mwisho, akasema toleo lijalo litarekebishwa, ripoti inatakiwa Ijumaa. Hakunitisha wala hakuniomba. Nilirudi kwenye kiti changu, nikaandika "inafaa". Wiki iliyofuata akanipa mkono.

Tangu siku barua yako ilipofika nilikaa wiki tatu nikitafuta namna ya kukuandikia. Ulikuwa umeniambia wazi kuwa ni betri ya mama. Sisemi sikujua. Nilijiambia hivi: mjomba ni mkaidi, hajawahi kuamini kitu kinachowaka kioo, ataisoma barua yangu acheke, ataitupa, na atautegemea ubao wake kama siku zote. Barua ile niliiandika kwa ajili ya jalada la ofisi, ili kama kuna mtu atauliza vipimo vya nje vilisemaje, viwe vimesema. Sikufikiri kwamba ungenitii. Katika maisha yako yote hujawahi kunitii, mjomba. Nilitegemea ukaidi wako.

Na ruhusa ya kuja mazishini sikuomba. Nilikudanganya. Niliogopa kukutazama.

Wiki iliyopita nimeandika ripoti ya pili. Sikumpitishia mkuu. Nimeituma kwa mafundi wote sitini, kila mmoja na bahasha yake, nikawaeleza wasiiamini mashine baada ya nusu saa, na betri zote walizozipitisha tangu Mei wazipime upya. Kwenye vipimo nimeweka betri ya lori, ubao wa taa tano, saa mbili na nusu. Chini yake nimeweka kipimo cha tatu: saa mbili na dakika thelathini na moja. Jina la mama sikuliandika, nikashindwa. Nimeandika tarehe tu. Jana nimeambiwa nisirudi kazini.

Nina swali moja, na ukitaka usinijibu. Mtungi wa akiba ulikuwa chini ya kitanda. Uliniandikia habari zake Februari. Barua yako ya Agosti ina risiti, ina kitambaa cha kushona, ina madirisha, lakini mtungi haumo. Kwa nini?

Mwanao


28 Septemba

Bi Kwanini,

Sasa ndiyo wewe. Kwa muda nilidhani wameniletea mtu mwingine.

Mtungi ulikuwepo, umejaa. Yule mama aliuona. Aliuvuta hadi katikati ya chumba, akaukumbatia kwa mikono miwili akijaribu kuufungua, kucha mbili zikang'oka. Anayo makovu, na hadi leo nikipita dukani kwake anaificha mikono chini ya kitambaa. Haukufunguka. Unafunguliwa kwa spana.

Spana ilikuwa mfukoni mwangu. Nilipokuwa kwenye foleni ilikuwa inanigonga paja, nikaihamishia mfuko wa pili, nikaendelea kusimama. Asubuhi ile nilikuwa nimewaza niiache juu ya meza na kumwelekeza namna ya kufungua. Nikaona ya nini kumtisha mtoto wa watu, betri ni ya saa nne. Hili sijamwambia mtu yeyote. Watu wanakuja kunipa pole, nami naipokea.

Nimeisoma barua yako mara nyingi. Nilikasirika, sikufichi. Nilitoka nje nikatukana kwa sauti, mbwa wa jirani akabweka. Nilitaka kukuandikia maneno ambayo mjomba hamwandikii mpwa wake. Ulijua! Wiki tatu ulijua, na barua yako ikaniletea habari za uji. Hasira hiyo ninayo bado, na sijui itaisha lini. Lakini kila nikifika kwenye neno la kukuandikia, mkono unashuka mfukoni wenyewe unaigusa ile spana. Wewe ulikuwa na jibu mfukoni, mimi nilikuwa na spana mfukoni, na dada alikuwa hapo katikati anatungoja sote wawili.

Juzi nimefungua karakana. Nimeushusha ubao kutoka nyuma ya mlango, nikazifuta vumbi taa moja moja. Nikaichaji betri ile ile hadi ikashiba, nikaifunga. Nikavuta kiti cha dada nikakaa mbele, kama ulivyokuwa ukichuchumaa. Zilianza kuwa nyekundu baada ya saa mbili na dakika ishirini. Ulikuwa ukiniuliza kwa nini, nami nilikuwa nakujibu kwamba taa inakuonya mapema, ili uwahi. Zilizima dakika kumi na moja baadaye. Nimekwangua ile rangi nyeupe kwa kisu. Sikuandika nyingine.

Huna kazi na huna nauli ya kupoteza, kwa hiyo usije kwa ajili ya kunifariji. Njoo kwa sababu kaburi halijajengewa na fundi wa saruji anataka kujua maneno gani yaandikwe, na mimi sitaki kuyaamua peke yangu. Mashine yako nitakurudishia. Spana nitaiacha kwa fundi cherehani, nimwambie siku ile ilikuwa mfukoni mwa nani.

Mjomba wako